J.W. Gregory: Aliyelipa jina Bonde la Ufa, akakana kwamba mabara husogea

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayetoka Njombe mjini kuelekea Ludewa huingia katika nchi ya vilima visivyokwisha. Barabara hupanda na kushuka, ukungu hutanda hadi jua linapokuwa juu, na kila kilima kinapomalizika kingine huwa kimekwisha kuonekana mbele. Humo ndimo ilimo Lugarawa, katika nchi ya Wapangwa, mahali panapojulikana na wengi kwa ajili ya hospitali yake ya misheni.

Upande wa magharibi vilima hivyo huungana na safu ya Milima ya Livingstone, yenye vilele vinavyozidi mita 2,000, kisha nchi hukatika ghafla. Ardhi huporomoka kwa miteremko mikali hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Hata ukingoni mwa maji mporomoko haukomi. Kina cha ziwa hilo hufikia mita 700 hivi, maana yake sakafu yake iko chini kuliko uso wa Bahari ya Hindi. Chini ya sakafu hiyo tena kuna udongo na mchanga uliorundikana kwa unene wa zaidi ya kilomita tatu.

Wilaya hiyo hiyo ya Ludewa, katika bonde la Mto Ruhuhu na vijito vyake, ina makaa ya mawe ya Mchuchuma, ambayo yamekuwa yakitajwa katika mipango ya Serikali kwa miaka mingi pamoja na chuma cha Liganga.

Ukuta wa ziwa na makaa ya mawe ni mambo mawili ambayo mkazi wa Lugarawa huyaona kuwa ya kawaida. Lakini kwa pamoja ni kama hukumu juu ya maisha ya Mwingereza mmoja aliyefariki dunia mwaka 1932, ambaye safari zake za Afrika Mashariki zilimpitisha zaidi katika nchi ambayo leo ni Kenya. Ukuta ule unathibitisha kwamba alikuwa sahihi. Makaa yale yanathibitisha kwamba alikosea.

Mtu huyo ni John Walter Gregory, mjiolojia aliyeingiza katika elimu ya dunia jina ambalo kila mtoto wa shule katika Tanzania hulijua: Bonde la Ufa.

Karani wa sufu

Gregory alizaliwa tarehe 27 Januari, 1864, huko Bow, mashariki ya Jiji la London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu, na ilichukuliwa kwamba mtoto naye angefuata njia hiyo. Alipotimiza miaka 15 aliacha shule na kuwa karani katika minada ya sufu.

Mchana alishughulika na hesabu za sufu, na jioni alikwenda kusoma sayansi katika Taasisi ya Birkbeck, iliyokuwa ikitoa masomo ya usiku kwa watu wa kazi. Mwaka 1887 alipata ajira katika idara ya jiolojia ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, tawi la historia ya viumbe, akiwa na umri wa miaka 23. Shahada yake ya kwanza ya Chuo Kikuu cha London aliipata mwaka 1891, wakati tayari alikuwa mtumishi wa jumba hilo.

Kazi yake ilikuwa kupanga na kueleza visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Ni kazi ya kukaa mezani. Lakini mwaka huo huo wa 1891 mjiolojia mashuhuri wa Vienna, Eduard Suess, alitoa maandishi juu ya mipasuko ya Afrika Mashariki, akitumia taarifa za msafara wa Count Teleki na Ludwig von Höhnel, waliofika Ziwa Turkana mwaka 1888. Suess mwenyewe hakuwahi kuiona nchi hiyo. Alisoma ramani na vipimo vya wengine, akasema kwamba mabonde na maziwa yale yaliyojipanga kwa mstari mrefu yametokana na kupasuka kwa ardhi.

Wapo pia waliokuwa wamekwisha kupita. Joseph Thomson, kijana wa Scotland aliyesomea jiolojia, alivuka Uhehe na Ubena mwaka 1879 hadi kichwa cha Ziwa Nyasa, akiongoza msafara baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki huko Behobeho. Alikuwa na umri wa miaka 21, na nguzo yake kubwa ilikuwa mnyapara Chuma, yule aliyekuwa miongoni mwa waliosindikiza mwili wa Livingstone hadi pwani. Mwaka 1883 Thomson alirudi na kupita Umasaini hadi Naivasha na Baringo. Aliyaona magenge ya bonde hilo na volkano zake, lakini safari yake ilikuwa ya kufungua njia, si ya kupima miamba.

Iliyokosekana ilikuwa safari ya mtu mwenye nyundo, mwenye kuhoji jambo moja tu: je, bonde hili lilichimbwa na maji, au sakafu yake ilizama?

Miezi mitano

Nafasi ilijitokeza mwishoni mwa mwaka 1892. Gregory alipewa ruhusa na jumba lake kuungana na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kupenya bara kutoka pwani ya kaskazini. Msafara huo ulivunjika mapema, katika nchi ya Mto Tana, kwa homa na kwa kukosa mpango. Gregory mwenyewe aliugua, akarejea Mombasa akiwa hana msafara.

Mtu mwingine angepanda meli kurudi kwao. Yeye alikusanya wapagazi wapatao 40, wengi wao watu wa Zanzibar na pwani, na mwezi Machi 1893 akatoka Mombasa kwenda bara. Kwa misafara ya zama hizo, iliyokuwa na watu kwa mamia na bunduki nyingi, kundi hilo lilikuwa dogo mno. Rafiki zake walidhani hatarudi.

Inafaa kusemwa hapa kwamba sayansi hiyo ilibebwa mabegani. Kila jiwe alilolivunja Gregory katika kingo za bonde lilisafiri hadi pwani kichwani au begani mwa mpagazi, na vitabu vya historia ya jiolojia vimewahifadhi watu hao kwa idadi zaidi kuliko kwa majina.

Alipita Machakos, akashuka genge la Kikuyu, akavuka Naivasha na kufika Ziwa Baringo. Kisha akapanda nyanda za Laikipia, na mwezi Juni akawa juu ya Mlima Kenya, ambako alikuwa mwanasayansi wa kwanza kufika kwenye mito yake ya barafu. Mmoja aliupa jina la mjiolojia wa Marekani, Lewis, na jina hilo liko kwenye ramani hadi leo. Aligundua pia kwamba barafu hiyo zamani ilishuka chini zaidi, kwa kuwa aliona marundo ya mawe yaliyoachwa nayo mbali na mahali ilipokuwa ikiishia.

Kisa kimoja cha mlimani husimuliwa mara nyingi. Asubuhi wapagazi walikuta maji yamekuwa magumu ndani ya vyombo, wakasema yamerogwa. Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuwacheka. Lakini mtu wa Unguja wa mwaka 1893 alikuwa na sababu gani ya kuamini kwamba maji yanaweza kuwa jiwe bila mkono wa mtu?

Mwezi Agosti alikuwa amerudi Mombasa.

Sakafu iliyozama

Jibu alilolileta Gregory ni rahisi kulieleza, ingawa halikuwa rahisi kulipata. Bonde linalochimbwa na mto hupinda-pinda, huwa jembamba juu na pana chini, na huwa na mto unaolitosha. Bonde alilolipita halikuwa hivyo. Kingo zake zilikwenda sambamba kwa mamia ya kilomita, na ndani yake mlikuwa na maziwa yasiyo na njia ya kutokea, pamoja na volkano.

Hoja nzito zaidi ilitoka katika miamba. Matabaka yaliyokuwa juu ya kingo yalionekana tena katika vipande vilivyokuwa chini, kwa mpangilio ule ule, kama ngazi za nyumba iliyodidimia upande mmoja. Mto hauwezi kufanya hivyo. Mto huondoa mwamba. Hauushushi ukiwa mzima. Kwa hiyo ardhi ilikuwa imepasuka kwa nyufa mbili zinazokwenda pamoja, na kipande kilichokuwa katikati kikazama.

Bonde la namna hiyo ndilo aliloliita bonde la ufa. Mwaka 1896 alitoa kitabu, The Great Rift Valley, alichosimulia ndani yake safari pamoja na hoja yake. Alilifuata bonde hilo kwa kalamu kutoka Lebanon na Bahari ya Chumvi, kupitia Bahari ya Shamu na Ethiopia, hadi kusini mwa Afrika, huku maziwa ya Tanganyika na Nyasa yakiwa katika tawi la magharibi. Sayansi ya leo inatenga sehemu ya Bahari ya Chumvi, ambako vipande vya ardhi hupitana kwa kusuguana ubavuni badala ya kuachana. Sehemu kubwa ya picha ile imebaki ilivyo.

Si kwamba kila mtu alikubali. Kwa miongo kadhaa walikuwapo wajiolojia wenye sifa, miongoni mwao E.J. Wayland wa Uganda na Bailey Willis wa Marekani, waliodai kwamba mabonde hayo yalitokana na ardhi kubanwa, si kuvutwa. Kwamba kingo zilisukumwa juu huku sakafu ikikandamizwa chini. Gregory alishikilia kwamba ardhi ilitanuka. Alirudi mwaka 1919 kuyapima upya, na mwaka 1921 akachapisha kitabu cha pili, kinene na kikavu zaidi kuliko cha kwanza. Katika safari hiyo ya pili aliona zana za mawe za watu wa kale huko Olorgesailie, kusini-magharibi ya Nairobi, mahali ambapo baadaye pamekuwa maarufu kwa elimu ya mambo ya kale.

Tarehe 6 Januari, 1928 tetemeko kubwa liliikumba Subukia, chini ya genge la Laikipia, na ardhi ikapasuka waziwazi. Miaka 17 hivi kabla yake, mwezi Desemba 1910, eneo la Rukwa lilikuwa limetikiswa na tetemeko linalohesabiwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Nyufa za Gregory hazikuwa za kale tu. Zilikuwa bado zikifanya kazi. Watu wa Karonga, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, waliona hilo mwezi Desemba 2009, na watu wa Bukoba tarehe 10 Septemba, 2016.

Mtu asiyetulia

Mengine ya maisha yake yangetosha watu watatu. Mwaka 1896 alivuka kisiwa cha Spitsbergen, kaskazini ya mbali, pamoja na Martin Conway. Mwaka 1900 akawa profesa huko Melbourne. Aliteuliwa kuongoza wanasayansi wa msafara wa Uingereza wa Antaktika, lakini akajiuzulu mwaka 1901 ilipodhihirika kwamba neno la mwisho lingekuwa la Kapteni Scott na Jeshi la Majini. Kutoka Melbourne alikwenda jangwa la Ziwa Eyre. Mwaka 1904 alihamia Chuo Kikuu cha Glasgow, akakaa huko hadi mwaka 1929. Alifika Libya, Angola, na mwaka 1922 mipaka ya China na Tibet akiwa na mwanawe.

Upo upande wake mwingine ambao hauna budi kutajwa. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kuhusu mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali, akitetea kwamba waishi mbalimbali. Mtu aliyefikishwa Mlima Kenya na mabega ya watu wa pwani hakuona shida katika hoja hiyo.

Mabara yanayozama

Sasa turudi kwenye makaa ya mawe.

Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alitoa nadharia kwamba mabara yote yalikuwa nchi moja, yakapasuka na kuachana. Moja ya hoja zake ilikuwa mimea na wanyama wa kale. Makaa ya mawe ya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, yenye majani ya mmea ule ule wa Glossopteris, yanapatikana Afrika, India, Amerika ya Kusini, Australia na Antaktika. Mmea hauogelei. Wegener alitaja pia mabonde ya ufa ya Afrika Mashariki kama mahali ambapo bara lingali linaanza kupasuka.

Mtu angedhani Gregory angekuwa wa kwanza kumpokea. Ni nani aliyejua zaidi yake kwamba ardhi ya Afrika imevutwa hadi ikapasuka? Hata hivyo alikataa. Katika kitabu cha mwaka 1928 kilichokusanya maoni ya wanajiolojia juu ya nadharia hiyo, Gregory ni mmoja wa wachangiaji, na msimamo wake ni wa kupinga. Alipokuwa rais wa Chama cha Jiolojia cha London, kati ya mwaka 1928 na 1930, alitumia hotuba zake kueleza historia ya Atlantiki na Pasifiki kwa njia nyingine: kwamba palikuwa na nchi kavu zilizounganisha mabara, nazo zikazama baharini.

Ukitafakari, utaona hakuwa mjinga. Alikuwa ameona kwa macho yake kipande cha ardhi kikizama kati ya nyufa mbili. Kama bonde la Baringo liliweza kuzama, kwa nini Atlantiki isiwe bonde kubwa zaidi lililozama? Alichokipata kwa haki barani alikipeleka baharini, na huko hakikumfaa. Sakafu ya bahari ni mwamba mzito wa aina nyingine, si nchi kavu iliyoangukia majini. Lakini hilo halikuwa limethibitishwa vya kutosha katika siku zake.

Tena Wegener hakuwa na nguvu ya kutosha ya kusukumia mabara. Arthur Holmes, aliyekuwa ametafuta madini huko Msumbiji mwaka 1911 na karibu afe kwa malaria, ndiye aliyependekeza kwamba mwamba wa moto ulio chini ya gamba la dunia huzunguka polepole kama uji jikoni, ukibeba mabara. Maelezo yake kamili yalichapishwa mwaka 1931 katika jarida la chama cha jiolojia cha Glasgow, mji ule ule alimokuwa amefundisha Gregory kwa robo karne.

Mwaka 1932 jarida la Chama cha Jiolojia cha London lilichapisha utafiti wa G.M. Stockley, wa idara ya jiolojia ya Tanganyika, kuhusu makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu. Bonde hilo limekuja kutoa mifupa ya wanyama wa kale ambao jamaa zao wa karibu hupatikana Afrika Kusini, India, hata Antaktika. Ushahidi dhidi ya rais mstaafu ulikuwa unatoka Ludewa, katika jarida la chama chake.

Gregory hakupata muda wa kubishana nao. Mwaka huo, akiwa na miaka 68, alikwenda Peru kuchunguza milima ya Andes na matetemeko yake. Tarehe 2 Juni, 1932 mtumbwi wake ulipinduka katika Mto Urubamba, akazama. Wegener alikuwa amefariki katika barafu ya Greenland mwaka 1930.

Ufa wa baharini

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Marie Tharp, aliyekuwa akichora ramani ya sakafu ya Atlantiki huko New York, aliona kwamba safu ya milima iliyo katikati ya bahari hiyo ina bonde refu juu yake, lenye kingo sambamba. Alilitambua kuwa bonde la ufa. Vipimo vya miaka iliyofuata vilionyesha kwamba mstari huo wa bahari unaingia Ghuba ya Aden na kukutana na mabonde ya Afrika Mashariki. Kufikia mwaka 1968 nadharia ya mabamba yanayosogea ilikuwa imekwisha kusimama, na mojawapo ya nguzo zake ilikuwa bonde la Gregory, likielezwa kwa jina alilolitoa mwenyewe.

Leo mitambo ya satelaiti hupima jambo ambalo yeye alilikataa. Bamba la Nubia, lenye sehemu kubwa ya Afrika, na lile la Somalia, lililo mashariki, yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka, mwendo wa chini mno kuliko wa kucha za mtu kukua. Karibu na Mbeya, matawi ya Rukwa, Usangu na Nyasa hukutana, na volkano za Rungwe na Ngozi zimesimama juu ya makutano hayo. Ufa wa Nyasa ulianza kufunguka yapata miaka milioni 8 iliyopita, na Milima ya Livingstone ndiyo kingo yake ya mashariki.

Wanajiolojia huliita tawi la mashariki, linalopita Kenya hadi kaskazini ya Tanzania, Ufa wa Gregory. Mto wa barafu uliopewa jina lake kwenye Mlima Kenya umekwisha kuyeyuka wote.